Mtoto wa Nyoka na Malezi Yake



Juma hili nawaomba wale wanaoogopa nyoka wasizime redio. Nyoka nitakayemzungumzia hana sumu, kwao ni Marekani, na yuko mbali sana na kitanda chako. Habari yake imenijia kwa barua ya bibi mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ambaye binti yake anaishi na mumewe na watoto katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia. Bibi huyu anaandika kwamba mjukuu wake mwenye umri wa miaka 12 amenunuliwa nyoka. Si nyoka wa plastiki. Ni nyoka hasa, anayepumua, anayekaa ndani ya sanduku la kioo chumbani mwa mtoto. Na mwakani bibi amealikwa kwenda kuwatembelea.

Maswali yake ni matatu. La kwanza: nyoka huyo atakuwa mkubwa kiasi gani? La pili: muuzaji alimwambia mkwewe kwamba nyoka hakui kupita kiasi cha sanduku lake, je, ni kweli? La tatu: mjukuu amesikia kwamba nyoka akilishwa maradufu huwa jitu, naye sasa anamlisha kila akikumbuka, ili nyoka wake awapite wa wenzake, je, aachwe aendelee?

Nimeyapenda maswali haya kwa sababu yanagusa mahali ambapo methali zetu mbili hazisikilizani. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Maana yake, asili haigeuzwi. Aliyezaliwa na nyoka atakuwa nyoka hata ukimlaza kitandani. Nyingine yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maana yake, yote ni malezi. Tunazitumia zote mbili juu ya watoto wetu, na aghalabu tunachagua ile inayotufaa siku hiyo. Mtoto akiharibika, tunasema ni asili ya upande wa pili. Akifanikiwa, tunasema ni malezi yetu. Basi leo tuzipime methali hizo kwa nyoka mwenyewe.

Nyoka huyo Wamarekani humwita nyoka wa mahindi. Wengine husema jina hilo limetokana na maghala ya mahindi, alikokuwa akiwafuata panya. Wengine husema ni kwa sababu ya tumbo lake, lenye madoa meusi na meupe yaliyopangika kama punje za mahindi ya rangi rangi juu ya gunzi. Mgongoni ana rangi ya machungwa au ya kahawia, yenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi. Mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la kisayansi mwaka 1766. Vitabu vya zamani humwita Elaphe guttata; siku hizi wataalamu humwita Pantherophis guttatus. Kwao ni kusini-mashariki ya Marekani, kuanzia New Jersey kushuka hadi Florida, na kuelekea magharibi hadi Louisiana. Kwa hiyo huko Georgia nyoka huyo yuko kwao. Wageni ni binti na mkwe wa bibi yetu. Windo lake humzinga na kumbana mpaka afe, kisha humeza mzima mzima.

Sasa swali la kwanza. Nyoka wa mahindi anapoanguliwa huwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi, mwembamba kama penseli, na uzito wake ni gramu chache tu. Akikomaa, wengi huwa kati ya sentimita 90 na 150. Mrefu kabisa anayetajwa sana vitabuni alifika sentimita 183 hivi, na huyo ni wa nadra, kama mtu wa futi saba. Hata huyo hawezi kummeza mtoto, wala paka wa nyumbani. Mdomo wake ni wa panya na makinda ya ndege. Kwa hiyo, bibi, kata tiketi.

Lakini kati ya sentimita 90 na 150 pana nafasi kubwa. Kwa nini mmoja aishie hapa na mwingine afike kule? Hapa ndipo methali ya kwanza inapoanza kudai haki yake. Jambo la kwanza ni nasaba. Nyoka jike hutaga mayai 10 hadi 30 kwa kawaida, na vitoto vikianguliwa baada ya miezi miwili hivi, unaweza kuvilea sawasawa, chakula kile kile, joto lile lile, na bado baada ya miaka mitatu vikapishana kwa urefu, kama ndugu wa tumbo moja wanavyopishana. Jambo la pili ni mahali walikotoka wazazi. Nyoka wa mahindi wa visiwa vya Florida Keys, ambako windo kubwa ni haba na vitoto huanza maisha kwa kula mijusi, kwa kawaida ni wembamba na wadogo kuliko wenzao wa bara. Jambo la tatu ni jinsia. Katika nyoka hawa madume kwa wastani huwa marefu kidogo kuliko majike. Madume hushindana kwa kuviringishana na kukandamizana wakati wa kutafuta jike, na katika mieleka ya namna hiyo mwenye mwili mkubwa ana faida.

Rangi, kwa upande wake, haina neno. Wafugaji wa Marekani wamezalisha nyoka hawa kwa miongo mingi, na leo wako weupe, wa manjano, wa kijivu na wengine wasio na baka hata moja. Muuzaji akikuambia kwamba wa rangi fulani ndio wakubwa, muulize ukubwa wa wazazi wake, si rangi yao.

Hayo ndiyo ya asili. Kijana wa Atlanta hawezi kuyabadili hata akitaka. Yalikwisha kuamuliwa kabla yai halijatagwa.

Tuje kwenye swali la pili, la sanduku. Nasema wazi: si kweli. Nyoka hapimi kuta za chumba chake kisha akaamua akome wapi. Ukimlisha na kumpa joto, atakua ndani ya sanduku dogo mpaka ajikunje kama kamba ndani ya sufuria. Sanduku halimzuii kukua. Linamzuia kujinyoosha, kutembea, na kuchagua mahali pa joto na pa baridi.

Imani hii imeenea kwa sababu inafanana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho. Samaki wa pambo akiwekwa katika chupa ndogo hudumaa, watu wakasema amejua chupa ni ndogo. Kumbe amedumaa kwa sababu maji yamejaa uchafu wake mwenyewe. Hali kadhalika nyoka. Anayewekwa katika kisanduku kidogo mara nyingi ni wa mtu asiyetaka gharama. Basi hana taa ya joto, halishwi kwa utaratibu, na hasafishiwi. Akidumaa, sifa inakwenda kwa sanduku, wakati kilichomdumaza ni baridi, njaa na maradhi. Kumwita nyoka huyo mdogo ni sawa na kumwita mtoto mwenye utapiamlo mtoto mfupi.

Na imani hii si ya mzaha. Katika jimbo la Florida kuna chatu wa Burma, ambao asili yao ni Asia. Waliletwa Marekani kuuzwa kama wanyama wa kufuga, wakiwa wadogo wa kubebeka mkononi. Chatu wa Burma hana habari na sanduku; hukua kupita mita nne. Baadhi walitoroka, na wengine waliachiwa na wenye nyumba waliochoka kuwafuga. Leo wanazaliana kwenye vinamasi vya Everglades na wamewamaliza wanyama wengi wa huko. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza nchini mwaka 2012. Mwaka 2023 alikamatwa mmoja huko Florida mwenye urefu wa futi 19, karibu mita 5.8. Wapo walionunua mtoto wa chatu wakidhani wananunua pambo la mezani.

Kwa nyoka wa mahindi hatari si kubwa kiasi hicho, lakini kanuni ni ile ile: kabla ya kununua mtoto, ulizia ukubwa wa mzazi, kisha andaa mahali pa mzazi. Sanduku la nyoka mzima lifike mita 1.2 kwa urefu angalau. Ila nyoka mchanga asitupwe katika sanduku kubwa tupu lisilo na maficho. Ataogopa, na nyoka mwenye hofu hukataa kula. Hapo ndipo sanduku linapoweza kugusa ukuaji, na ni kwa ajili ya hofu, si kwa ajili ya kuta.

Sasa swali la tatu, na hili ndilo lenye mambo mengi, kwa sababu ni swali la malezi.

Tuanze na joto, maana wengi hulisahau wakadhani chakula ndicho kila kitu. Nyoka hana jiko ndani ya mwili wake. Sisi binadamu tunatumia sehemu kubwa ya chakula chetu kuupasha mwili joto. Nyoka hulikopa joto kutoka nje. Hii ndiyo sababu anaweza kuishi kwa panya mmoja kwa wiki nzima na zaidi. Lakini mkopo huo una masharti: bila joto, chakula hakisagiki. Nyoka wa mahindi anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 29 hadi 31 za sentigredi, na upande wa pili uwe na 22 hadi 24, ili achague mwenyewe. Akishiba kisha akakaa baridini, panya huoza tumboni kabla ya kusagwa, na nyoka hutapika. Mlo ule umepotea, na tumbo limeumia; inambidi apumzishwe siku 10 au wiki mbili kabla ya kulishwa tena, kwa mlo mdogo. Ukiona nyoka hakui ingawa analishwa, shika kipimajoto kwanza.

Porini huko Georgia, majira ya baridi yakiingia nyoka hujificha chini ya magogo na mashimoni, asile wala asikue mpaka joto lirudi. Nyoka wa chumbani, mwenye taa na kirekebisha joto, hula miezi yote 12. Ndiyo maana nyoka wa kufugwa mwenye miaka miwili anaweza kumpita kwa mbali mwenzake wa porini wa umri huo. Umri hausemi ukubwa, na ukubwa hausemi umri.

Chakula chenyewe kina utaratibu. Mtoto wa nyoka hupewa kitoto kimoja cha panya kisichoota manyoya, kila baada ya siku tano hadi saba. Mwili ukinenepa, panya naye huongezwa ukubwa, lakini asizidi sana unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi. Nyoka mzima hutoshwa na panya mmoja mdogo aliyekomaa kila baada ya siku 10 hadi 14. Wafugaji wenye busara humpa panya aliyekwisha kufa, aliyegandishwa kwenye friza kisha akayeyushwa na kupashwa moto kidogo, kwa sababu panya hai huuma, na nyoka aliyefungiwa hana pa kukimbilia.

Je, mwanzo mzuri una faida? Ndiyo, na pana ushahidi. Watafiti Thomas Madsen na Richard Shine walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kazi yao juu ya chatu wa majini wanaoishi porini karibu na mji wa Darwin, Australia. Chatu hao hutegemea sana panya, na panya wa huko huwa wengi mwaka mmoja na haba mwaka mwingine, kufuatana na mvua. Watafiti waliwakamata chatu, wakawapima, wakawaachia, wakawakamata tena mwaka baada ya mwaka. Waliona kwamba chatu walioanguliwa katika mwaka wa neema walikua haraka mwaka ule wa kwanza, jambo ambalo kila mtu angelitarajia. La ajabu ni kwamba waliendelea kuwapita wenzao katika kukua hata miaka ya baadaye. Njaa ya utotoni iliacha alama isiyofutika kwa shibe ya ukubwani. Hapo methali ya pili inasimama na kudai haki yake.

Lakini, kijana wa Atlanta, usiruke kwa furaha bado. Chatu wale walishiba porini, wakitembea usiku kucha na kuwindwa na wengine. Nyoka wako amelala chini ya taa. Na nyoka wa mahindi hukua mbio katika miaka miwili au mitatu ya kwanza; akishapevuka mwendo hupungua sana, ingawa hausimami kabisa. Chakula cha ziada baada ya hapo hakiendi kwenye urefu. Kinageuka mafuta, ambayo nyoka huyahifadhi ndani ya tumbo, na yakizidi huingia kwenye ini. Utamtambua nyoka aliyelishwa kupita kiasi: ngozi huonekana katikati ya magamba hata akiwa hana windo tumboni, akijikunja anakuwa na mikunjo kama shingo ya mtoto mnene, na mkia unaonekana kama umebandikwa kwenye mwili usio wake. Huyo si jitu. Ni mgonjwa, na maisha yake yamefupishwa. Haraka haraka haina baraka.

Kwa jike hatari ni mbili. Akiharakishwa kukua kwa kulishwa mno, anaweza kushika mayai kabla mwili haujakomaa. Mayai yanachukua sehemu kubwa ya nguvu zake, chokaa ya mifupa na nyama ya mgongo. Urefu ambao angeuongeza mwaka ule anauweka kwenye maganda ya mayai, na mayai yakikwama tumboni anaweza kufa. Kwa hiyo wafugaji wengi wana kanuni ya tatu tatu: jike asipandishwe kabla hajatimiza miaka mitatu, gramu 300, na futi tatu. Kanuni hiyo ni ya kiasi tu, lakini ina maana: vitatu vyote vitimie pamoja, si kimoja.

Yapo pia maradhi. Nyoka anayekula vizuri, mwenye joto zuri, na bado anakonda au kutapika mara kwa mara, apelekwe kwa daktari wa wanyama, akiwa na kinyesi chake ndani ya chombo safi. Wapo minyoo, na wapo vimelea wadogo wasioonekana kwa macho waitwao kriptosporidia, ambao huvimbisha tumbo la nyoka na kumnyima faida ya chakula.

Kabla sijafunga, neno moja kwa wenye kushindana kwa urefu. Usipime gamba alilojivua. Gamba hilo hufunika juu na chini ya kila kigamba, na likivuliwa hunyooka likawa refu kuliko nyoka mwenyewe. Wengi wanaojisifu kuwa na nyoka wa ajabu wamepima ngozi iliyonyooka. Na usimvute nyoka ili umnyooshe kwenye rula. Uti wake wa mgongo si wa kuvutwa. Mwache atembee kando ya kioo, weka uzi kufuata mwili wake, kisha pima uzi. Afadhali zaidi, mpime uzito kwa mizani ya jikoni mara moja kwa mwezi na uandike kwenye daftari. Daftari hilo litakuambia mapema kuliko macho kwamba nyoka anakonda au ananenepa mno.

Basi methali ipi imeshinda? Kwa nyoka wa mahindi, asili huweka dari, na hakuna mlo wa kuitoboa. Malezi ndiyo yanayoamua nyoka atafika wapi chini ya dari hiyo, na atafika akiwa na afya au akiwa mgonjwa. Ukimnyima unamdumaza, ukimshindilia unamuua polepole. Sanduku la muuzaji halimo katika asili wala katika malezi. Limo katika biashara.

Nawaachia wazazi hesabu moja. Nyoka wa mahindi akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20, na wamepata kuwako waliopita 30. Kijana wa miaka 12 leo, nyoka wake akifikisha 20, atakuwa mtu wa miaka 32, pengine mwenye mke, watoto na nyumba ya kupanga yenye masharti. Mnyama huyo atakuwa bado anangoja panya wake kila wiki ya pili. Anayemnunulia mtoto nyoka aulize kwanza ni nani atakayemlisha kijana akienda chuoni, kwa sababu mara nyingi jibu ni mama, na mama hakuulizwa.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.